Maswali ya Wasomaji: Kuanza Kujifunza Piano

Barua tulizopokea mwezi huu kuhusu muziki zimetoka karibu zote Mombasa na vitongoji vyake, na nyingi zinauliza jambo moja kwa njia mbalimbali: mtu ambaye hajawahi kuigusa piano aanzie wapi. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu yaliyomo yanawahusu hata wale ambao barua zao hazikupata nafasi.

Assalaam aleikum, mwalimu. Mimi ni mama wa miaka hamsini na miwili, nimestaafu kazi ya ofisini, na naishi katika nyumba ya ghorofa ambayo kuta zake hazizuii sauti. Tangu utotoni nimekuwa na hamu ya kupiga piano. Wanangu wanasema ninunue kinanda chochote cha umeme, na jirani yangu anashikilia kwamba bila piano ya mbao nitapoteza wakati. Ninunue nini, na siku ya kwanza nikishaketi mbele yake nifanye nini? — Mama wa Tudor

Waalaikum salaam, dada yangu. Wanao na jirani yako wote wamekaribia ukweli, lakini hakuna aliyeufikia.

Kinachoifanya piano iwe piano si mbao, bali ni jinsi kitufe kinavyoutii mkono. Ndani ya piano, ukibonyeza kitufe, kinyundo kilichovikwa feliti (kitambaa kizito cha sufu) hurushwa kikagonga nyuzi na kurudi papo hapo, na kadiri kinavyorushwa kwa kasi ndivyo sauti inavyokuwa kubwa. Aliyebuni mtambo huo ni fundi Mwitaliano wa mji wa Florence, Bartolomeo Cristofori, mnamo mwaka 1700 hivi. Vingi vya vyombo vya vitufe na nyuzi vilivyopendwa kabla yake vilidonoa nyuzi badala ya kuzigonga, kwa hiyo mpigaji hata angekaza mkono namna gani sauti ilibaki ile ile. Basi unapokwenda dukani, usivutiwe na kinanda chenye mamia ya milio ya tarumbeta na ngoma. Mwombe muuzaji akiwashe, ubonyeze kitufe kimoja polepole sana, kisha ukibonyeze hicho hicho kwa nguvu. Kama milio miwili hiyo haina tofauti, kiache hapo hapo dukani, hata kama bei yake inashawishi.

Kwa hali yako ningechagua piano ya umeme yenye vitufe vyote 88, yaani vyeupe 52 na vyeusi 36, ambavyo vimetiwa uzito ili vishindane na mkono kama vya piano ya mbao. Utavaa hedifoni, na jirani hatajua kama umepiga skeli moja, yaani ngazi ya milio inayopanda na kushuka, mara hamsini. Nikiwaza hali ya hewa yetu ya pwani, ambako unyevu mara nyingi hupita asilimia 70 na upepo wa baharini huingia na chumvi yake hadi sebuleni, naona piano ya mbao ni mzigo ambao mwanafunzi wa kwanza hana sababu ya kujitwika. Ikiwa fedha haitoshi, kinanda cha vitufe 61 kinachotofautisha mguso mwepesi na mzito kitakufikisha mbali katika miezi ya mwanzo, kwa kuwa nyimbo za wanaoanza hazisogei mbali na katikati. Fedha itakayobaki ilipe mwalimu. Hilo nalisema kwa uzito: kinanda cha wastani pamoja na mwalimu wa nusu saa kwa wiki kinamfaa mwanafunzi kuliko piano ya kifahari na video za simu. Zile video zenye vijiti vya rangi vinavyoanguka juu ya vitufe hukuonyesha wapi pa kubonyeza, lakini haziwezi kuona kwamba bega lako limepanda hadi sikioni.

Nunua pia stendi isiyoyumba na kanyagio la kuendeleza sauti, na utafute kiti kisicho na mikono. Keti nusu ya mbele ya kiti, nyayo zikiwa sakafuni, na urekebishe kimo hadi viwiko vilingane na vitufe. Wengi hapa hutumia kiti cha plastiki cha kawaida, ambacho kwa kawaida ni kifupi. Mto mgumu juu yake utatosha.

Sasa siku ya kwanza. Vitazame vitufe vyeusi: vimepangwa viwili viwili na vitatu vitatu, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kitufe cheupe kilicho kushoto tu mwa kila jozi ya vyeusi viwili huitwa C. Vitafute vyote ulivyo navyo, kutoka mlio mzito hadi mwembamba, mpaka jicho lisisite tena. Kisha rudi kwenye C iliyo karibu na katikati, uweke hapo kidole gumba cha mkono wa kulia, na vidole vinne vilivyobaki vikae kila kimoja juu ya cheupe kinachofuata: D, E, F, G. Katika vitabu vya piano kidole gumba ni namba 1 na kile kidogo cha mwisho ni namba 5, kwa mikono yote miwili. Vidole vipinde kidogo kama vilivyojipinda vyenyewe unapoacha mkono uning'inie ubavuni, na kitufe kiguswe kwa ncha ya kidole, isipokuwa gumba, ambalo hulala kwa upande wake. Piga 1, 2, 3, 4, 5 na kurudi, ukihakikisha kwamba kidole kilichopiga kinaachia pale tu kinachofuata kinapobonyeza. Utagundua kwamba cha nne ni kizito na cha tano ni dhaifu. Ndivyo vilivyo kwa kila mtu.

Mkono wa kushoto ufanye vivyo hivyo, kidole cha 5 kikiwa juu ya C ya chini. Usiiunganishe mikono miwili wiki hiyo.

Baada ya hapo ndipo utakapojifunza skeli kamili ya C, yenye milio minane wakati vidole ni vitano. Mkono wa kulia hupiga C, D, E kwa 1, 2, 3, halafu kidole gumba hupita chini ya kidole cha kati na kuipokea F, na vidole huendelea 2, 3, 4, 5 hadi C ya juu. Kupita huko kwa gumba ndiko kazi yenyewe. Likichelewa, kiwiko huruka nje na mlio wa F hutoka kwa kishindo. Dawa yake ni kulianzisha gumba safari mapema, mara tu kidole cha 2 kinapobonyeza D, ili E inapolia liwe tayari limekwisha kufika juu ya F linasubiri.

Usomaji wa nota uanze wiki ile ile ya kwanza, hata kama ni nota tatu tu. Muziki wa piano huandikwa juu ya mistari mitano ya mkono wa kulia na mitano ya mkono wa kushoto chini yake, na C ya katikati hukaa kwenye kijistari chake peke yake kati ya makundi hayo mawili. Wapo wanaobandika herufi juu ya vitufe. Sipendelei jambo hilo, kwa kuwa jicho huzoea kutazama chini, na siku vibandiko vitakapobanduka kwa jasho la Mombasa mwanafunzi huwa amerudi mwanzo.

Kuhusu muda, robo saa kila siku ina faida kubwa kuliko saa mbili za Jumamosi, kwani vidole hukumbuka kwa kurudiarudia, na mtu akichoka huanza kurudia makosa. Mwanafunzi mtu mzima ana shida ambayo mtoto hana: akili yake imekwisha kuielewa karatasi kabla ya mkono kuwa tayari, hivyo hukasirika na kuongeza mwendo. Fanya kinyume. Chukua vipande viwili vya muziki, usizidi hapo, upige mkono mmoja mmoja kwa mwendo ambao unaona ni wa aibu kwa upole wake, na usiongeze mwendo mpaka vimepita mara kadhaa bila kosa. Umri wako si kizuizi. Huenda usifike kwenye majukwaa ya matamasha, lakini barua yako haikuomba hayo.

Mwalimu, mimi ni kijana wa kwaya huko Changamwe. Napiga kinanda kanisani kwa kusikiliza tu, na nyimbo zote nazipiga kwa C, kisha nabonyeza kile kitufe cha kuhamisha sauti ili nilingane na waimbaji. Rafiki yangu anayesoma muziki ananicheka. Je, nimeharibika? — Mpiga Kinanda

Hujaharibika, mwanangu. Mtu anayeweza kuusikia wimbo na kuupata kwenye vitufe bila karatasi ana kitu ambacho wanafunzi wengi wa vitabu hukitafuta kwa taabu. Lakini rafiki yako ana hoja, ingawa angeweza kuitoa bila kucheka.

Kitufe cha kuhamisha sauti kinaficha mambo mawili. La kwanza ni kwamba sikio linasikia mlio mmoja na kidole kinabonyeza mwingine, kwa hiyo siku mpiga gitaa atakapokuambia tuingie kwa G, hutajua ulipo. La pili ni kwamba piano ya mbao haina kitufe hicho, na ukialikwa mahali penye piano ya namna hiyo utabaki umekunja mikono.

Habari njema ni kwamba bila shaka unaijua solfa, kwa kuwa kwaya zetu nyingi hufundishwa kwa do, re, mi, na juu ya karatasi zake huandikwa do iko wapi. Itumie. Katika C unapiga makundi matatu ya sauti karibu katika kila wimbo: do-mi-so, fa-la-do, na so-ti-re. Kwa herufi ni C-E-G, F-A-C na G-B-D. Hamisha do iwe G, na makundi hayo huwa G-B-D, C-E-G, na D pamoja na F iliyopandishwa nusu sauti (kitufe cheusi kilicho kulia kwake) na A. Angalia vizuri: mawili ya kwanza tayari unayo mkononi, na jambo jipya ni kitufe kimoja tu cheusi. Ukihamia F, utahitaji F-A-C, kisha B iliyoshushwa nusu sauti pamoja na D na F, kisha C-E-G. Tena jipya ni moja. Kundi la C-E-G limo katika familia zote tatu, na linabadilisha kazi tu: katika C ni nyumbani, katika G ni la nne (linaloanzia fa), katika F ni la tano (linaloanzia so).

Jambo jingine ninalolishuku, kwa kuwa nalisikia kwa wapigaji wengi wa kusikiliza, ni kwamba mkono wako unarukaruka. Kutoka C-E-G kwenda kundi la F huna haja ya kuuinua mkono wote. Ishikilie C palepale, E isogee hadi F, G isogee hadi A. Kutoka hapo kwenda kundi la G, C ishuke hadi B, F ishuke hadi D, na A irudi G. Mkono umetembea upana wa vidole viwili, na waimbaji watasikia wimbo unatiririka.

Anza na wimbo mmoja wa ibada unaoujua sana, uupige kwa G nyumbani juma zima bila kugusa kitufe cha kuhamisha. Jumapili ukihitaji kukitumia kwa sababu mwimbaji amebadilisha sauti ghafla, kitumie bila kujilaumu.

Katika nyumba ya familia yetu, Mji wa Kale, kuna piano kuukuu ya mbao ambayo haijapigwa tangu miaka ya sabini. Baadhi ya vitufe vimekwama na nyingine hutoa mlio wa kuchekesha. Binti yangu anataka kuanza kujifunzia hiyo. Je, inafaa kutengenezwa? — Baba wa Kibokoni

Ndugu yangu, kabla ya kumwita fundi, fungua kifuniko cha juu na uchungulie ndani kwa tochi. Mlio wa kuchekesha peke yake si ugonjwa. Piano ina nyuzi 230 hivi, na zote kwa pamoja huivuta fremu ya chuma kwa nguvu inayozidi tani 15. Ikikaa miaka mingi bila kutyuniwa (nyuzi kukazwa hadi milio ilingane), nyuzi hulegea kwa viwango tofauti. Vitufe vilivyokwama pia mara nyingi ni unyevu tu, maana mbao na feliti vimevimba, hasa wakati wa masika. Yanayopaswa kukutia wasiwasi ni mengine: kutu nyekundu iliyozila nyuzi, vumbi la mchwa, ufa katika ule ubao mpana wa nyuma unaokuza sauti, na vigingi vya kukazia nyuzi ambavyo vimelegea katika mbao yake. Hili la mwisho ndilo baya zaidi, kwa sababu fundi anaweza kuityuni piano asubuhi na jioni ikawa imerudi ilikotoka. Mwulize fundi swali hilo moja waziwazi, je, vigingi bado vinashika, kabla hamjazungumza bei. Na kama vinashika, tarajia kutyuniwa zaidi ya mara moja, kwa kuwa nyuzi zilizolegea sana hazikubali kurudishwa zote kwa siku moja.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza. Tazama vitufe vyeupe kwa karibu. Kama bamba la juu la kila kimoja limeungwa kwa vipande viwili, na mstari mwembamba wa kiungo unaonekana pale vitufe vyeusi vinapoanzia, na kama ukikiinamishia mwanga unaona michirizi hafifu, huenda hiyo ni pembe ya ndovu. Haitakuwa ajabu. Katika karne ya 19 pembe nyingi zilizobebwa kwa misafara kutoka bara hadi pwani yetu zilipakiwa Zanzibar na kupelekwa Marekani, ambako viwanda vya jimbo la Connecticut vilizikata kuwa mabamba membamba ya vitufe vya piano. Pembe iliyotoka huku ilikuwa ikirudi huku ikiwa imevikwa juu ya mbao. Leo kumiliki pembe ya ndovu Kenya bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, na adhabu zake si nyepesi. Basi usiiuze, usiitoe nje ya nyumba wala usivitoe vitufe hivyo kabla hujapata maelekezo ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori.

Binti asisubiri hayo yote. Mtafutie kinanda cha kuanzia, na piano iondoe ukutani unaopigwa na jua au kupokea upepo wa bahari moja kwa moja.

Mwanangu ana miaka sita. Shule yake haifundishi piano. Je, ni mapema mno, na mitihani ya vyeti aanze lini? — Mzazi, Kisauni

Si mapema, ikiwa anaweza kuketi dakika kumi na anazijua herufi hadi G. Mwekee kibao chini ya miguu isining'inie, na keti naye, kwani mtoto wa umri huo hafanyi mazoezi peke yake hata akiahidi.

Mitihani isubiri mpaka mwalimu wake aseme. Inayojulikana zaidi hapa Kenya ni ya ABRSM, bodi ya mitihani ya muziki ya Uingereza, yenye madaraja 1 hadi 8, na katika mtihani wake wa ana kwa ana mtoto hupiga nyimbo tatu, skeli, kipande asichowahi kukiona, na hujibu maswali ya kusikiliza. Tangu mwaka 2020 upo pia mtihani wa kupiga nyimbo nne mbele ya kamera na kuituma video, ambao unamfaa anayeishi mbali na kituo. Kufika daraja la 6 kunahitaji kwanza kufaulu nadharia ya daraja la 5 au mtihani mwingine unaokubaliwa badala yake, kwa hiyo usomaji wa nota usiachwe nyuma. Tahadhari yangu ni moja: nimeona watoto wanaojua nyimbo tatu za mtihani kwa mwaka mzima na hawana ya nne ya kumpigia bibi yao.

Je, nikijifunza piano nitaweza kupiga taarab? — Mpenzi wa Taarab, Bondeni

Utaweza nyingi, si zote. Piano imegawa sauti katika nusu nusu, na baadhi ya maqamu za Kiarabu, yaani mipangilio ya milio ambayo nyimbo hujengwa juu yake, zinazotumika katika taarab yetu zinahitaji robo sauti, ambazo fidla na udi huzipata kwa kusogeza kidole kidogo tu. Hijaz, kurdi na nahawandi hazina shida hiyo. Ukitaka kuionja hijaz leo, piga D, E iliyoshushwa nusu sauti, F iliyopandishwa, G, A, B iliyoshushwa, C, na D ya juu; utaitambua kabla hujaimaliza. Nyimbo zilizofuata mahadhi ya Kihindi nazo huingia kwenye vitufe bila kubishana, na ndiyo maana hamonia, kile kinanda cha kusukumwa kwa upepo, ilipata makao katika vikundi vya Mombasa.

Rasti na bayati ndizo zenye mgogoro. Katika rasti inayoanzia C, E na B hukaa kati ya kitufe cheupe na cheusi, mahali ambapo piano haina kitu. Vipo vinanda vya umeme vinavyokuruhusu kuishusha sauti ya kitufe kwa robo. Kama taarab ndiyo nia yako, ulizia uwezo huo kabla ya kununua, kwa sababu hauongezwi baadaye. Bila hicho, unapopiga rasti pamoja na fidla, jifunge kwenye C, D, F, G na A, na hizo mbili zilizobaki mwachie mpiga fidla.